Mvua ya Jumamosi

"Huyu msee anapika namba," Tony alisema, akigonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Anapika na hata chumvi hatii. Cheki hapa."

Truphena alijisukuma na kiti chake, kile chenye magurudumu matatu, maana la nne lilikwishapata kazi kwingine. Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili: mmoja wa mvua ya Jumamosi, mwingine wa Jumapili, miaka ishirini na miwili mfululizo. Ungedhani ni mmoja. Jumamosi ikinyesha milimita kumi, Jumapili nayo kumi. Jumamosi ikikauka, Jumapili nayo inakauka kwa heshima. Zikitofautiana, ni kwa sehemu moja ya kumi ya milimita tu, na siku zote inayoongezewa ni Jumamosi.

"Kituo mia moja na kumi na saba," Tony akasoma. "Nakuapia, omera, ndugu yangu, huyo babu anaandikia baa. Jumatatu anaamka na kichwa kizito, anajiuliza, hivi wikendi ilinyesha ngapi? Ah, weka kumi, weka kumi."

Wenzao wanne wakacheka. Truphena akacheka kuliko wote, kwa sababu programu iliyomnasa mpishi huyo ilikuwa yake. Ameiandika kwa majuma matatu, kwa kompyuta yake mwenyewe na bando lake mwenyewe.

Walikuwa sita, wote wanafunzi wa shahada ya uzamili ya kompyuta, wametumwa na vyuo vyao kufanya uanagenzi wa miezi mitatu katika maabara ya serikali pale Homa Bay. Kazi yao ilikuwa kusafisha rekodi za mvua za nchi yote inayozunguka ziwa, ili mashine ijifunze kutabiri mafuriko. Malipo hayakuwepo. Beji walipewa, zimeandikwa MGENI, eti zenye majina yao zinakuja. Chupa kubwa ya chai ilikaa mlangoni na karatasi imebandikwa tumboni: WAFANYAKAZI WA KUDUMU TU. Tony, kijana wa Rongo, alizoea kuisalimia kila asubuhi, "Shikamoo, mama," halafu anapita akanywe maji ya bomba.

Vituo vilikuwa na nambari, si majina. Dakta Nicholas, mkuu wao, alitaka kila kituo kilichonaswa kiwekwe kwenye ramani. Kwa hiyo saa nane mchana, siku hiyo ya Jumanne, Truphena akaingiza vipimo vya mahali pa kituo mia na kumi na saba, akaivuta picha ya setilaiti, akaikuza. Ikaja Kuria. Ikaja Ntimaru. Yakaja mabati ya kijivu ya nyumba moja, na katikati yake bati moja jekundu, kama kiraka kwenye suruali.

Bati hilo alilinunua Kerosi, kakake Truphena, upepo ulipong'oa la zamani. Lilikuwa jekundu kwa sababu lilikuwa la bei ya chini.

Truphena akaifunga picha haraka, vile mtu anavyofunga mlango wa choo alichokuta kina mtu.

"Umempata?" Tony akauliza.

"Mtandao umekwama," akasema Truphena.

Mtandao siku hiyo ulikuwa unapaa kama tai.

*

Mzee Mirumbe, babake Truphena, alikuwa mkulima wa tumbaku aliyeacha tumbaku, akabaki na mahindi, ng'ombe wanne na mkebe wa serikali. Kipimamvua ndilo jina lake kwenye barua, lakini Ntimaru nzima iliuita mkebe. Ulisimama mbele ya nyumba, hatua tano kutoka langoni, ndani ya kauzio kake kadogo. Kila asubuhi saa tatu kamili mzee alitoka na bilauri ya kupimia, akamimina maji ya jana, akasoma, akaandika. Hata siku ya kumzika mama yake alisoma mkebe saa tatu, akazika saa tano. Serikali ilimpa elfu mbili kwa mwezi, miezi iliyokumbuka. Na mwezi uliopita ilimwandikia kwamba atapewa cheti cha utumishi mwaminifu. Siku hiyohiyo mzee alipigilia msumari ukutani, sebuleni. Cheti hakijaja, msumari unangoja.

Haya yote Truphena aliyajua. Hakujua tu baba aliwezaje kupata mvua mbili pacha kila wikendi. Alipokuwa mdogo alimshikia mwavuli, lakini kitabu cha mvua watoto hawakuruhusiwa kukigusa.

Jumatano akanyamaza. Tony akamwita mzee mlevi mara tatu. Truphena akacheka mara mbili. Mara ya tatu akakohoa, akasingizia vumbi.

Alhamisi Dakta Nicholas akaingia. Ni mtu mrefu, huvaa sweta hata joto la Homa Bay likiwa la kuiva uji. Akatazama mistari miwili kwa muda.

"Kituo kinachopika kinafutwa," akasema. "Mkebe unang'olewa, unapewa shule. Lakini kwanza tumsikie mwenyewe. Simu yake iko kwenye faili. Truphena, wewe ndiye uliyemshika, mpigie. Weka sauti ya juu wote wasikie."

Hapo ndipo angesema. Nafasi ilikuwepo, pana kama lango la kanisa. Lakini mtu aliyenyamaza siku mbili huona aibu kusema siku ya tatu, kwa hiyo Truphena akabonyeza nambari ambazo vidole vyake vilizijua kuliko alivyojua nambari yake, akajitengenezea sauti nyembamba, ya wale wanaosoma taarifa ya habari.

"Halo." Kikohozi. "Mirumbe hapa."

"Habari ya asubuhi, mzee. Unapigiwa kutoka maabara ya serikali ya utafiti. Tungependa kupata ufafanuzi kuhusu takwimu za—"

"Truphena?"

Wenzake wakageuza viti vyao.

"Mzee, naongea kwa niaba ya—"

"Truphena, mbona unaongea kama karani wa korti? Umekula? Nyasuguta! Nyasuguta, njoo! Ni mtoto, anapiga na simu ya serikali!"

Tony akaiweka kalamu yake mezani taratibu, vile unavyoweka yai.

Dakta Nicholas akanyoosha mkono, akaikata simu mwenyewe. "Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi, Dakta."

"Siku mbili." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. "Mlevi akinidanganya nitamwelewa. Wewe nilikuweka hapa kutafuta uongo, ukaupata, ukaukalia. Nenda nyumbani. Jumatatu asubuhi niletee mambo mawili kwa maandishi. Hizo namba alizipataje. Na kama anaweza kusoma mkebe siku saba kwa juma, bila kuruka. Ukikosa moja, kituo kinafutwa, na ripoti yako ya chuo nitaiandika vile nilivyoona."

Bila ripoti hiyo hakuna shahada. Hilo halikuhitaji kuandikwa ukutani.

Tony akamfuata hadi nje. "Manze, Truphena, si ungesema tu. Nimemtukana mzazi siku tatu."

"Hata pombe hajawahi kuonja. Ni Msabato."

"Ndio hiyo nasema!" Tony akashika kichwa. Kisha akasita. "Ngoja. Msabato kabisa? Wa Jumamosi?"

Truphena akasimama pale kwenye jua. Anajua kompyuta, lakini hilo lilimpata kwa kuchelewa.

*

Ijumaa alasiri Kerosi alimpokea mjini Kehancha na pikipiki yake. Hakungoja hata salamu iishe.

"Dada yangu, serikali imekusomesha. Wengine wakisoma wanarudi na gari, wewe umerudi na mashtaka. Umemshtaki baba kwa kompyuta!"

"Nani amekuambia?"

"Baba. Anasema umepandishwa cheo, unachunguza watu. Amefurahi sana, maskini. Hajajua mtu anayechunguzwa ni yeye, mimi nimeotea tu."

Walipofika jua lilikuwa limeinama. Nyumba nzima ilikuwa mbioni, kama kawaida ya Ijumaa: Nyasuguta, mamake Truphena, anaepua sufuria ya maharage ya kesho, viatu vimepakwa rangi na kupangwa mlangoni, kuni zimepasuliwa. Mzee Mirumbe alikuwa anapiga pasi shati lake jeupe.

"Baba, nina neno kuhusu mkebe. Ni la haraka."

"Mtu husalimia kwanza."

Wakasalimiana. Akaulizwa ng'ombe wa Homa Bay wana afya? Akajibu wana afya, ingawa hajawahi kuangalia. Akaulizwa chai ya serikali ni nzito? Akasema ni nzito.

"Baba, ile mvua ya Jumamosi na—"

Mzee akainua kidole kuelekea dirishani. Ukingo wa mwisho wa jua ulikuwa unazama nyuma ya mnara wa simu. Akaing'oa pasi kwenye umeme.

"Jua limeenda. Ya serikali, Jumapili."

"Baba, nina siku mbili tu!"

"Na Mungu ana moja tu. Ketini tuombe."

Sabato hiyo ilikuwa ndefu kuliko muhula. Truphena alikaa kanisani akijigeuzageuza kitini, kama mtu aliyekalia siafu. Saa tatu kamili akamtazama baba. Mzee alikuwa ametulia, Biblia magotini, lakini kidole chake cha shahada kilikuwa kinapigapiga jalada, na macho yake, kwa nukta moja, yalikwenda dirishani kuangalia mawingu. Mchana walikula maharage ya jana. Jioni Kerosi, aliyeacha kwenda kanisani tangu anunue pikipiki, alipita na kunong'ona, "Hata mtuhumiwa wa wizi huhojiwa wikendi."

*

Jumapili, saa tatu na dakika tano, mzee alirudi ndani na bilauri tupu. Hakukuwa na mvua. Akaandika. Truphena akaketi mbele yake na kumwambia yote, mpaka kicheko chake kwa ule utani wa baa. Hilo la kicheko alilisema mwisho, haraka, akitazama sakafu.

Mzee alisikiliza. Kisha akaita, "Nyasuguta, njoo na hesabu yako."

Ikawa hivi. Jumamosi hasomi. Maji yanakaa. Jumapili anakuta ya siku mbili yamechanganyika mkebeni, na karatasi ya serikali ina visanduku viwili.

"Mwanzoni kabisa niliacha kile cha Jumamosi wazi," mzee akasema. "Akaja bwana mmoja na tai, akaniambia, mzee, kisanduku wazi hatukitaki, kituo chenye visanduku wazi kinafungwa. Sasa nifanyeje? Niandike sifuri, na imenyesha? Huo uongo. Niweke yote Jumapili? Jumapili haikunyesha yote. Huo pia uongo. Tukagawa."

"Mimi ndiye nilikuwa nagawa," Mama akasema bila haya. "Babako nukta zinamsumbua. Ikiwa ni saba na nusu, tatu nukta saba, na tatu nukta nane. Ile ya kuzidi tuliipa Sabato."

"Kwa nini Sabato?"

Mama akamtazama kama ameuliza kwa nini mgeni hupewa kiti.

Truphena alishindwa kujua acheke au alie. "Baba, mngeandika tu, 'ya siku mbili.' Neno moja."

"Kwenye kisanduku kidogo hivyo?" Mzee akakunja midomo. "Miaka ishirini na miwili sijawahi kuongeza tone. Sijawahi kupunguza tone. Kila tone liko pale. Sasa kijana wa Rongo ananiita mlevi, na mtoto wangu anacheka."

Ukutani msumari ulikuwa unawatazama.

"Jumla ni ya kweli," Truphena akasema polepole. "Nitamwandikia Dakta, tuunganishe siku mbili ziwe kipimo kimoja. Haitapotea. Lakini anataka siku saba kuanzia sasa."

"Basi waje wachukue mkebe wao."

"Mimi nitasoma Jumamosi," Kerosi akasema kutoka mlangoni. "Kwani ni nini? Ni maji."

"Ndani ya boma hili siku hiyo hakuna wa kufanya kazi. Si mwanangu, si binti, si mgeni, si punda."

"Punda hatuna."

"Angekuwepo angepumzika!"

"Tumpe mtu mwingine," akasema Mama. "Abdurahman wa dukani. Yeye siku yake ni Ijumaa."

Mzee akageuka kama aliyemwagiwa maji. Abdurahman alikuwa na duka la jumla ng'ambo ya barabara, na mbuzi. Mwaka jana mbuzi wake alipitisha kichwa kwenye kauzio ka mkebe akakwama, akauinamisha. Mzee Mirumbe akampeleka kwa chifu kwa kuharibu mali ya serikali. Hawajasalimiana tangu hapo.

"Hata akikubali," mzee akasema, akishika kamba ya mwisho, "mkebe uko ndani ya boma langu. Mgeni akifanya kazi humu ni mimi nimefanya."

"Na hauwezi kuhamishwa," Truphena akakiri. "Hata hatua tano. Rekodi inaanza upya."

Kuku akaingia, akaangalia, akatoka.

"Basi," akasema Kerosi, "tuhamishe boma."

*

Yule aliyekwenda dukani alikuwa mzee mwenyewe. Mama alijitolea, akakatazwa. Abdurahman alikuwa anapima sukari. Aliendelea kupima mpaka kilo ikatimia.

"Karibu, mzee. Leo chifu hajakuja nawe?"

"Nimekuja peke yangu."

"Mbuzi wangu amefanya nini tena?"

"Hajafanya." Mzee alivua kofia, akaiangalia ndani kana kwamba maneno yake ameyaweka humo. "Nina kazi. Ni ya dakika moja, kila Jumamosi saa tatu. Mimi siwezi. Nyumba yangu haiwezi."

Akaeleza. Abdurahman akasikiliza, mkono juu ya mizani.

"Kwa hiyo nitaangalia mali ya serikali. Mimi, mwenye mbuzi."

"Wewe."

"Na mbuzi amesamehewa?"

Wateja wawili walikuwa wamesimama na sukari yao, hawaondoki. Mzee Mirumbe aliwaona. Akavaa kofia yake.

"Mbuzi," akasema, "amesamehewa."

"Kwa maandishi?" Abdurahman akauliza, kisha akacheka mwenyewe na kumpa mkono. "Niletee hiyo bilauri, mzee. Na unifundishe. Sitaki kuitwa mlevi huko Homa Bay. Mimi nitasikitika zaidi yako."

Jioni hiyo Kerosi aling'oa nguzo tatu na kuurudisha ua wa seng'enge nyuma, ukapinda kuingia uani kama kiwiko, ukauzunguka mkebe kwa nyuma. Mkebe haukusogea hata inchi. Boma ndilo lililojikunja. Mzee alisimama ndani, akanyoosha mkono juu ya waya, akagusa mkebe uliokuwa sasa nje ya kwake, akaurudisha mkono.

*

Jumatatu Dakta Nicholas alisoma kurasa mbili mara mbili. Akaiangalia picha ya ua uliopinda, akavua miwani, akaivaa tena.

"Walihamisha ua?"

"Ndiyo, Dakta. Mkebe uko palepale."

Alikwenda kidogo dirishani. Mabega yake yalitikisika ndani ya sweta. Aliporudi uso ulikuwa wa ofisi.

"Unganisha Jumamosi na Jumapili, miaka yote. Kituo kibaki. Cheti nimekizuia. Siwezi kumpa mtu cheti cha rekodi tulizozirekebisha juma hilohilo. Mwambie mimi ndiye niliyesema."

Ripoti ya chuo aliitia sahihi. Chini yake aliandika kwa mkono: *Ana akili na bidii. Alichelewa siku mbili kusema ukweli.* Nafasi moja iliyokuwepo, ya mwaka mzima, yenye mshahara na chai, alipewa Tony. Tony alikuja na kikombe chake cha kwanza kutoka ile chupa, akamimina nusu kwenye kikombe cha Truphena, na safari hii hakupata la kuchekesha.

Habari ya cheti Truphena aliisema kwa simu. Mzee akasema, "Sawa." Kesho yake Mama akatundika chujio la chai kwenye msumari.

*

Majuma matatu yalikuwa makavu. Abdurahman aliandika sifuri tatu, nzuri sana, na kila mara akavuka barabara kuuliza kama ni za kutosha.

Ijumaa ya nne mvua ikashuka jua likizama, wimbo wa kwanza haujaisha, ikapiga mabati mpaka Mama akaacha kuimba. Mzee hakuondoka kitini. Jumamosi kulipambazuka jua. Saa tatu, kanisani, kidole chake kilipigapiga Biblia. Nje ya ua wake mtu mwingine alikuwa anamimina mvua yake.

Jumapili alifika kwenye mkebe dakika kumi kabla ya wakati. Akangoja. Abdurahman alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, anajifanya kufagia. Saa tatu kamili mzee akatoa chupa ya ndani, akaiinamisha juu ya bilauri. Haikutoka hata tone. Akaitikisa. Akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Abdurahman! Maji yako wapi?"

"Nimeyasoma jana, mzee! Angalia kitabu!"

Akafungua kitabu. Kwenye Jumamosi, kwa mwandiko wa mtu anayeandika bei: 31.4. Kisanduku cha Jumapili kilikuwa wazi, kinamngoja.

Mzee Mirumbe alisimama. Hesabu za nukta humsumbua, lakini hii aliifanya mwenyewe, bila Nyasuguta: kumi na tano nukta saba. Kumi na tano nukta saba. Ndivyo angeandika. Siku iliyolowa angeipunguzia nusu, na siku kavu kama hii, yenye jua lote hili, angeilowesha. Wikendi ngapi? Akaanza kuzihesabu, akaachia njiani.

Akatoa simu.

"Truphena."

"Baba, kuna nini? Ni saa tatu na dakika tano."

"Yule kijana wa Rongo yuko hapo?"

"Leo Jumapili, Baba, niko chumbani."

"Ukimwona, mwambie pombe sinywi." Akakohoa. "Lakini mwambie alikuwa na haki ya kuuliza."

Akakata simu kabla hajajibiwa. Akaegemeza kitabu kwenye nguzo ya ua uliopinda, akanyoosha kalamu, na kwenye kisanduku cha Jumapili akaandika sifuri moja, kubwa, ikajaa pembe zote nne.